Wimbo wa Watatu

Kila asubuhi Chelangat alishika njia ya shule katikati ya mashamba ya chai, sketi ikilowa umande. Siku hizi alitembea peke yake. Jerusa na Edinah walikuja nyuma wakicheka, na kila alipopunguza mwendo ili wamfikie, nao walipunguza wao.

Ilikuwa mwaka wa 1996. Wasichana hao watatu walikuwa na bendi, tena iliyovuma mpaka mji wa Sotik, ijapokuwa magitaa yao yalikuwa ya madebe. Wimbo wao mmoja ulipendwa kupita kiasi. Wachuma chai waliuimba wakiwa na vikapu mgongoni. Maneno aliyatunga Chelangat. Tuni ilikuwa ya Jerusa, ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi katika kiwanda cha chai.

Basi watu wa redio walikuja shuleni kuurekodi. "Wimbo huu ni wa nani?" mtangazaji aliuliza. Chelangat, kichwa kimemvimba kwa sifa, alijibu upesi, "Wangu."

Jumapili ulipochezwa redioni, jina lililotajwa lilikuwa lake tu. Jerusa alisikiliza hadi mwisho, akachukua gitaa lake, akaenda zake. Edinah akamfuata.

Tangu hapo Chelangat aliimba peke yake nyuma ya zizi. Alianzisha, kisha akanyamaza pale Jerusa alipozoea kuitikia. Hakuna aliyeitikia. Maskini, wa kumlaumu hakuwepo ila yeye mwenyewe.

Jioni moja mama yake alimkuta akilia.

"Wamenitenga, Mama. Na maneno ni yangu!"

"Maneno sawa. Na tuni?"

Chelangat aliinamisha kichwa. "Ya Jerusa."

"Sasa mbona huyo mtu wa redio hukumwambia?"

Ijumaa mtangazaji alirudi, safari hii kutengeneza kanda ya kuuzwa madukani. Chelangat hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya shule nzima.

"Nilidanganya. Tuni ni ya Jerusa, na mapigo ya gitaa ni ya Edinah. Wakikataa kuimba nami, tusirekodi."

Jerusa alichukua gitaa lake. "Andika majina yetu yote," alimwambia mtangazaji.

Waliimba, na waliimba vizuri. Lakini walipomaliza, Jerusa aliondoka na Edinah bila kumngoja Chelangat.

"Nimesema ukweli, Mama, na bado ananiepuka," Chelangat alilalamika nyumbani.

Mama aliweka chini kikapu chake cha kuchumia chai, akamketisha karibu naye.

"Mwanangu, kitu mlichotunga watatu hakiwi mali ya mmoja kwa sababu yeye ndiye aliyewahi kusema. Ulimnyang'anya mwenzako mbele ya watu, na leo umemrudishia wimbo wake. Umefanya vyema. Lakini urafiki ni wake pia, atakupa akitaka. Wewe kesho msalimie. Asipojibu, msalimie kesho kutwa."