Njia ya Siri ya Providence

Leonidas na mke wake Providence wanaishi Mwamkulu, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Leonidas analima mpunga. Providence ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati moja mjini. Zamani kila asubuhi alipanda bodaboda kwenda kazini. Jioni alirudi, wakala pamoja na mtoto wao Pacifique.

Mimba ya pili ilipofika miezi saba, miguu ya Providence ilianza kuvimba. Daktari akamkataza safari za kila siku. Mkuu wa zahanati hakutaka kumpoteza karani mzuri. Akampa kompyuta ya kazi aitumie nyumbani. Mafundi walikuja kufunga intaneti Leonidas akiwa shambani. Aliporudi alikuta ukutani kiboksi cheupe chenye taa za kijani, kinachoitwa ruta. Mwanzoni alikipenda. Aliwaita jirani, wakaangalia mpira kwenye simu.

Kisha wivu ukaingia.

Kila siku saa mbili asubuhi, simu ya Providence ililia kidogo. Ulikuwa ujumbe wenye namba sita. Providence aliusoma, akaandika kitu kwenye kompyuta, akaufuta. Leonidas akiingia kuchukua jembe, mkewe aliinamisha kioo cha kompyuta. Alipomuuliza anaandika nini, alijibiwa kuwa ni mambo ya kazi, hayasemwi.

Siku moja Leonidas alikuwa nje ya dirisha, ananoa panga. Akasikia sauti ya mwanaume kwenye simu ya mkewe.

"Umeshaingia kwenye njia yetu ya siri?"

"Tayari, Richard. Nipo ndani."

Leonidas aliacha kunoa. Tangu siku hiyo alirudi kutoka shambani bila saa maalumu. Chakula kilimshinda. Mwishowe aliuliza Richard ni nani. Providence alisema ni fundi wa kompyuta wa zahanati, kisha akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomuumiza zaidi.

Alhamisi Providence alikwenda kliniki ya wajawazito. Leonidas akaifungua kompyuta. Neno la siri la kwanza alikuwa amelikariri kwa kutazama vidole vya mkewe. Akabonyeza alama ya kufuli iliyokuwa kwenye kioo. Kompyuta ikadai namba sita. Akabahatisha mara tatu, ikamzuia.

Basi akaitia kompyuta kwenye mfuko wa mbolea, akaipeleka mjini kwa fundi wa simu. Alimwomba afungue yote yaliyofichwa. Fundi hakuuliza ni ya nani. Akamwambia arudi Jumamosi.

Providence aliporudi alikuta meza tupu. Leonidas hakuficha, maana ugomvi huo alikuwa anaungoja.

"Nimeipeleka ikafunguliwe. Nataka nimwone huyo Richard humo ndani."

Providence alikaa chini polepole, mkono tumboni.

"Baba Pacifique, ile kompyuta ni mlango wa magonjwa ya watu. Jirani zako wamo. Mama yako yumo. Wakinifukuza kazi, watakuwa wamenifukuza kwa haki."

Leonidas hakuwa amefikiri hivyo hata kidogo. Providence akampigia Richard palepale, mbele ya mumewe, akamweleza yote. Richard akaifungia njia kompyuta hiyo kutoka huko huko zahanati. Leonidas alipanda bodaboda kurudi mjini. Fundi alikuwa amelegeza skrubu mbili tu. Leonidas akaichukua kompyuta, akairudisha nyumbani.

Kesho yake Richard alikuja mwenyewe. Leonidas alikuwa ametamani awe mzee. Alikuwa kijana mrefu, mtanashati, na ananukia vizuri. Alimwamkia Leonidas kwa heshima, akamwita shemeji. Leonidas aliitikia kwa shida.

Richard alisema ataitengeneza njia ya kompyuta upya, na akamwomba Leonidas akae karibu aone.

"Shemeji, maji ya mpunga yakipita kwenye mfereji wa wazi, nani anayaona?"

"Kila mtu. Wengine wanayachepusha."

"Na yakipita kwenye bomba lililofukiwa?"

"Hapo hayaonekani mpaka yatokee mwisho."

"Basi ndivyo ilivyo. Intaneti ya nyumbani inapita mikononi mwa wengi kabla ya kufika mjini. Sisi tumepitisha bomba ndani yake. Kompyuta hii inageuza maneno kuwa mafumbo. Yanasafiri hivyo hivyo, na kompyuta ya zahanati tu ndiyo inayoweza kuyafumbua. Mtu akiyanasa njiani, haelewi kitu. Hiyo ndiyo njia ya siri. Jina lake ni VPN."

"Na zile namba sita?"

"Ni ufunguo wa pili. Mtu akiiba neno la siri, bado anakwama hapo."



Richard alianza na ruta. Neno la siri la kiwandani lilikuwa bado halijabadilishwa, na yeyote anayelijua angeweza kuingia na kuharibu. Akaweka jipya, refu. Kisha akauliza ni nani wanaotumia intaneti ya nyumba hiyo. Providence alimtazama mumewe. Leonidas akakiri kwamba jirani wote wanaokuja kuangalia mpira wanaitumia. Richard akawatengenezea wageni mlango wao wa kuingilia intaneti, mbali na kompyuta ya kazi.

Baada ya hapo alifuta ufunguo wa zamani wa VPN, akaweka mpya. Walisubiri kidogo, alama ya kufuli ikageuka kijani. Akaeleza kwamba kumbukumbu za wagonjwa zinabaki zahanati, haziachwi kwenye kompyuta hii. Akawaonya wasichukue VPN za bure ovyo ovyo, kwa sababu mwenye bomba anaweza kuchungulia maji. Tena hapa nchini matumizi ya VPN yanatakiwa kutolewa taarifa kwa mamlaka ya mawasiliano, na zahanati ilishafanya hivyo.

Leonidas alikuwa na swali moja lililobaki. "Na wewe, unaona anachoandika?"

"Naona ameingia saa ngapi, basi. Mimi ni fundi wa bomba, shemeji. Maji siyo yangu."

Richard alipoondoka, Leonidas aliomba msamaha. Alisema kilichomchoma si Richard peke yake. Ni kuona ndani ya nyumba yake kuna mlango asioruhusiwa kuupita.

"Ungeniuliza vizuri, ningekueleza habari ya bomba," Providence alisema. "Ya wagonjwa nisingekueleza hata ungelia."

Zahanati ilimpa Providence barua ya onyo, lakini alibaki kazini. Alijifungua salama mtoto wa kike. Simu ikilia saa mbili asubuhi, Leonidas bado anaitupia jicho. Siku hizi anatoka nje, anamwacha mkewe afanye kazi.

Wakati wa mavuno, Leonidas alikuwa kwenye mashine ya kukoboa. Jirani yao Annonciata akamvuta pembeni. Alisema mumewe, Gervais, amekwenda zahanati mara mbili bila kumwambia. Lazima kuna mwanamke.

"Mkeo anaona kila kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwulize Gervais alikwenda kupima nini."

Leonidas alimtazama machoni. Aliyajua macho yale.

"Dada, mke wangu hawezi kuniambia, na mimi sitamwuliza. Gervais yuko nyumbani kwako. Mwulize yeye, tena kwa upole."

Annonciata aliondoka amekasirika. Jumatatu asubuhi Leonidas aliwaona yeye na Gervais wamepanda bodaboda moja kwenda mjini. Kwa mkono mmoja Annonciata alikuwa amemshika mumewe kiunoni, na kwa mwingine amebeba daftari lake la zahanati.