Mabua Juu ya Mbegu za Mwisho

“...zimeota! We Mlezi, njoo uone, zimeota kweli!”

Nyakato alipiga kelele mpaka koo likamkauka, na katika meli nzima ya anga hakuna mtu aliyegeuka. Watu arobaini walikuwa kwenye vitanda-barafu, mashine zinazousimamisha mwili usile, usipumue, usizeeke. Tangi la hewa lilipopasuka, ilipigwa kura abaki macho mmoja tu, na aliyebaki ni yeye. Miaka minane sasa anaongea na roboti.

Roboti Mlezi alikuja na magurudumu yake yanayolia. “Nimeona, dada. Majani mia mbili na sita.”

“Umeshahesabu! Hata kushangaa hushangai?”

“Sikuwekewa.”

Siku tisa kabla waligombana hapohapo, kwenye bustani ya pumzi. Nyasi zikiota, zingetoa hewa ya kumwamsha mtu mmoja. Mbegu zilibaki kikombe kimoja, na zisipofunikwa, feni zingezipeperusha zote.

“Funika kwa nailoni,” alisema Mlezi.

“Na taa hizi? Zitaiva kama maharage!”

“Basi povu.”

“Likikauka linakuwa gumu kama sakafu. Nataka mabua ya ngano.”

“Mabua ndiyo yaliyoozesha mbegu za kwanza.”

Na hilo lilikuwa kweli. Mara ile alitandaza kama mama yake alivyotandaza nyasi kwenye migomba kule Kamachumu: nene, mpaka kifundo cha mguu, udongo usionekane kabisa. Mgomba unapenda hivyo. Mbegu ya nyasi, changa vile, ilikosa mwanga na hewa.

“Mabua hayana kosa,” alisema Nyakato. “Mkono wangu ndio uliozidisha.”

Akapiga magoti, akapanga bua moja moja, machache tu, udongo ukichungulia katikati. Siku mbili nzima. Mgongo ulimuuma hadi akacheka.

Na sasa zimeota!

“Hewa itatosha mtu?”

“Kwa kasi hii, itatosha. Tumwamshe nani?”

“Unauliza!”

Alikimbia hadi kitanda-barafu namba saba, akaanza kuongea hata hajafika. “Nyangoma, hujui! Zimeota, dada, na Mlezi alitaka nailoni, mshamba yule...”

“Atafumbua macho baada ya saa ishirini,” alisema Mlezi nyuma yake, na taa ya kitanda ikageuka kijani.

Nyakato akainama. Chini ya kioo alilala pacha wake, ana miaka ishirini na moja vilevile. Juu ya kioo ulionekana uso wake mwenyewe, mashavu yamebonyea, mvi mbili tatu juu ya sikio.

Akafuta ukungu kwa kiganja.

“Habari za nyasi ndizo hizo,” akanong’ona. “Ila kura, Nyangoma, haikuniangukia mimi. Ilitoka na jina lako, wewe ukiwa umeshalala, nami nikaitika badala yako. Usiuogope uso huu. Amka kwanza, unywe chai. Yaliyobaki nitakueleza kesho.”