Mgeni wa Siku Ishirini na Mbili

Jumamosi ile ya Septemba soko la Santa Fe lilifurika watu, na moshi wa pilipili za kuchoma ulimtoa machozi hata asiyekuwa na huzuni. Eloisa Archuleta alisimama kwenye foleni, gauni la buluu, mkufu wa feruzi wa marehemu bibi yake shingoni, kidevu juu. Mbele yake mwanamume mrefu, suruali imeganda udongo mpaka magotini, akapokea gunia lake la pilipili, akageuka, akamkanyaga.

"Ala! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Ningekuwa na nyumba hapa ningeyaacha," akajibu yule mtu huku akicheka. "Samahani, dada. Nimekuja kukandika kuta za kanisa la zamani, na hoteli zenu zina bei za kumfilisi mtu."

"Mimi ninacho chumba, uani kwetu. Lakini viatu hivyo vinabaki nje."

"Hata mimi mwenyewe nikibaki nje nitashukuru."

Ndivyo Casimiro Luján alivyoingia kwenye daftari la wageni. Na daftari lile, jamani, msilichezee! Mtaa mzima wa wazee wao ulikuwa umeuzwa kwa watu wa mbali wanaokuja wiki mbili kwa mwaka. Nyumba ya udongo ya bibi ndiyo pekee iliyobaki na jina la Archuleta mlangoni, na kilichoishikilia ni kile chumba cha uani na leseni yake, iliyotundikwa kwenye fremu kando ya picha ya bibi. Kila mgeni aliandikwa. Kila mwezi kodi ya malazi ilifika jijini kabla ya tarehe. Eloisa alikuwa na maringo, na alikuwa na haki nayo.

Casimiro alilipia kila siku aliyolala. Jioni akaanza kuziba nyufa za ukuta wa bibi bila kuombwa, na Eloisa akaanza kupika posole, supu ya mahindi na nyama, ya watu wawili bila kukiri. Siku ya ishirini na tatu alipotoa pesa, Eloisa aliusukuma mkono wake.

"Weka hela zako, Bwana Udongo. Leo unakula jikoni kwangu."

Hakulipa tena, wala hakulala tena kwenye kile chumba cha uani. Alikaa siku kumi na mbili zaidi, kisha kazi ikamwita Taos. Wakawa wanapigiana simu kila asubuhi, hata kahawa haijachemka.

Februari ikaja barua ya jiji: ukaguzi wa kodi ya malazi, Jumanne ijayo, saa nne asubuhi. Alete leseni, daftari, na ushahidi wa kila mgeni ambaye hakulipiwa kodi. Eloisa hakubabaika. Alipanga mafaili yake mezani, moja baada ya jingine, akijisifu kimoyomoyo, mpaka akafika kwa Luján. Alikuwa amemwandika siku thelathini na nne, na alizolipia ni ishirini na mbili tu! Mgeni anayekaa siku thelathini mfululizo halipiwi kodi, kwa hiyo hakupeleka kodi yake; mwezi ule kichwa chake kilijaa mapenzi tu. Akashika simu.

"Mpenzi, niandikie barua. Useme ulikuwa mgeni wangu siku thelathini na nne."

"Mgeni?"

"Ni karatasi tu, Miro. Zikipungua thelathini itaonekana nimedanganya, na leseni itakwenda."

"Hata zile kumi na mbili za mwisho?" Sauti ilikuwa imebadilika. "Mimi nilidhani nilikuwa mtu wako, Eloisa. Kumbe nilikuwa mpangaji wa bure."

"Usinilishe maneno!"

"Barua utaipata," akasema, akakata.

Siku tatu hakupokea simu. Eloisa alilia mpaka macho yakavimba. Kilichomuuma zaidi ni kwamba daftari lake halikuwahi kuwa na uongo, na uongo wa kwanza alikuwa ameuandika juu ya mtu huyu.

Jumanne alivaa sketi nyeusi ya mahameli, akafunga nywele, akavaa feruzi ya bibi, akaenda ofisi ya jiji. Mkaguzi, Bi Tafoya, alifungua faili hadi faili akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sijaona mafaili safi hivi mwaka huu. Sasa huyu Luján, siku thelathini na nne. Ushahidi uko wapi?"

Akilini aliiona fremu ya leseni ukutani kwao ikiwa tupu.

"Sina. Alikuwa mgeni siku ishirini na mbili. Nilikosea mimi, na kodi yake nimekuja nayo."

"Lakini hapa inaonyesha hakuondoka."

"Hakuondoka. Siku ya ishirini na tatu aliacha kuwa mgeni."

"Akawa nani?"

Foleni nzima ya watu nyuma yake ilikuwa ikisikiliza. Eloisa akainua kidevu.

"Akawa mwanamume ninayempenda. Au na hilo nalo mnalitoza kodi?"

Watu wakaangua kicheko. Mlangoni, kofia mkononi, alisimama Casimiro. Alikuwa ameendesha gari kutoka Taos alfajiri, na sasa akatoa bahasha mfukoni, akampa. Eloisa akaifungua: *Nilikuwa mgeni wa Bi Archuleta siku thelathini na nne.* Na sahihi yake chini.

"Umeandika uongo huu kwa ajili yangu?"

"Nilikasirika, ndiyo. Lakini nisingekubali nyumba ya bibi ipotee kwa sababu ya hasira zangu."

Eloisa akaichana ile barua vipande viwili.

"Mtu anayetaja kosa lake mwenyewe," akasema Bi Tafoya akigonga mhuri, "analipa kodi na faini, leseni anabaki nayo. Nimebakiza kujaza hapa tu. Nyumba kubwa inakaliwa na watu wangapi?"

Eloisa akamgeukia Casimiro. "Wangapi, Bwana Udongo?"

"Wawili," akasema Casimiro, "kama mwenye nyumba atakubali nimuoe."

"Andika wawili," Eloisa akamwambia mkaguzi. "Lakini viatu vyake vinabaki nje."