Pikapu za Mzee Mwinyimvua

Mwiko uligonga ukingo wa sufuria, mara mbili, kabla ya adhana ya alfajiri. Inspekta Onesphory aliusikia akiwa mlangoni pa Bi Sitara, mtaa wa Mchafukoge, hati ya upekuzi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uji huu ni wa mzee wangu, kule mahabusu. Kunywa kidogo, ndipo unipekue."

Alikunywa kwa aibu. Mume wa Bi Sitara, Mzee Mwinyimvua, fundi wa magitaa ya umeme, alikuwa rumande usiku wa pili, kifua kinambana. Saa tatu asubuhi angesomewa shtaka la kuhujumu mali ya umma.

Mali yenyewe ilikuwa pikapu mbili. Si magari, kama alivyodhani konstebo wa zamu akataka kuwaita trafiki. Ni zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, zikakaa chini ya nyuzi za gitaa kunasa mlio wake. Mzee alikuwa amezifunga kwenye gitaa la Kitwana, mpigaji mpya wa bendi ya kiwanda kimoja cha nguo cha serikali. Jumamosi, mbele ya kamati ya kuchagua bendi itakayopiga kwenye sherehe za taifa, gitaa lile lilinong'ona tu. Sadalla, mpigaji mkongwe wa bendi hiyo hiyo, akaenda polisi kueleza kwamba fundi kaiba pikapu nzito, zenye waya mwingi, katia hafifu.

Upekuzi haukuzaa kitu. Mezani palikuwa na nta, koili za waya na tasbihi kuukuu.

"Tasbihi ya nini hapa, mama?"

"Ya kuhesabia. Kila mizunguko mia ya waya, punje moja. Za Sadalla zilifika elfu saba. Za Kitwana elfu kumi na mbili. Yule anapiga muziki mzito, anataka gitaa lingurume mpaka vioo vitetemeke." Akacheka kidogo. "Halafu mzee hufunga uzi wa rangi ndani kabisa, asije akachanganya. Sadalla mwekundu, Kitwana kijani."

"Wenyewe wanajua?"

"Wajulie wapi? Mimi ndiye ninayemkatia nyuzi."

Saa moja Inspekta alikuwa ukumbi wa bendi, Kariakoo, na mita ya kupimia nyaya aliyoazima kwa mafundi redio. Alifungua gitaa la Kitwana, akabandua utepe wa pikapu, akapima. Uzi mwekundu.

"Ndugu Sadalla, lete lako."

"La nini, afande? Lililoibiwa ni la Kitwana."

"Lete."

Skrubu zilitoka moja moja. Uzi wa kijani. Mshale wa mita ukaruka karibu mara mbili ya pale ulipofika kwenye gitaa la kwanza; humu waya ulikuwa mwingi zaidi.

"Ndiyo maana!" Kitwana alipiga paja. "Jumamosi rumba yake ilinguruma kama lori la taka!"

"Nyamaza, wewe mtoto!" Sadalla alifoka, kisha akakaa juu ya ngoma.

"Ulizibadilisha lini?"

"Ijumaa. Nina ufunguo wa ukumbi."

"Kwa nini?"

"Mzee kanifundisha gitaa tangu nina miaka tisa. Nimekula kwake, nimelala kwake. Leo kaja huyu mfuma nguo, kapewa nzito. Mimi nikaambiwa, 'Nyepesi zinakutosha.' Nikajua kaniona nimekwisha."

"Ukamtupa rumande, na kifua kile."

"Nilidhani watamwachia."

"Jana ulikuja kituoni. Hukuuliza hali yake. Uliuliza kama amekiri."

Onesphory alishawakamata wauaji, na hakuna aliyemtia kinyaa hivi. Baada ya kumfunga pingu alitafuta bomba, akanawa mikono mpaka viwikoni.

Saa tatu kasoro, Mzee Mwinyimvua alitolewa mahabusu, Sadalla akaingizwa. Mzee hakwenda zake. Alisimama kwenye nondo, anahema.

"Rumba inataka kila uzi usikike peke yake, mwanangu. Ningekuzidishia waya, vidole vyako vingepotea kwenye ngurumo. Kitwana anahitaji ngurumo. Wewe hukuihitaji kamwe."

Akavua koti lake, akalipenyeza kati ya nondo. "Sakafu ile ina baridi."

Sadalla akalivaa papo hapo. Hakuomba hata radhi. Inspekta akageuza uso, akatema mate uani.

"Twende, mzee. Mama anakusubiri."

Walikuwa wamefika mlangoni sauti ya Sadalla ilipowafuata, nyembamba, kama ya mtoto wa miaka tisa.

"Mwalimu! Kesho utakuja tena?"