Kiti Kisicho na Mfupa

Ndugu zangu, mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake hakuwa na vingi. Hakuwa na cheti cha ufundi, kwa sababu hakuna chuo kilichompokea. Hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba ya kurithi, hakuwa na mjomba mwenye cheo wa kumkimbilia mambo yakiharibika. Hakuwa na gari, ingawa maisha yake yote aliyamaliza ndani ya magari ya watu, amepiga magoti, sindano mdomoni. Hakuwa na sauti nzuri ya kuitia wateja. Hata kipara chake hakikuwa kamili. Kilianzia utosini kikaishia njiani.

Alichokuwa nacho ni mikono na mke.

Kazi yake ilikuwa kushona kava za viti vya magari. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, chenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na marobota ya ngozi ya bandia yaliyosimamishwa ukutani kama wageni waliokosa pa kukaa. Mume alipima na kukata, mke akashona. Kisha wote wawili waliingia ndani ya gari la mteja, huyu mlango huu na yule mlango ule, wakaivuta kava mpaka ikalala bila mkunjo. Ukipita asubuhi ungewakuta wakitaniana. Mke alipenda kusema kwamba ameolewa na mtu anayejua vipimo vya makalio ya mji mzima, ila hajui mkewe anavaa kiatu saizi gani. Mume alimjibu kwamba kiatu hakikaliwi.

Watu walimwita Bila Mfupa, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila mteja aliyeingia aliambiwa, "Kiti changu hakina mfupa." Maana yake, ukikaa hutaguswa na kitu kigumu, si waya, si fundo la uzi, si ukingo wa chuma. Na kweli hukuguswa. Wenye magari walitoka mitaa ya mbali, wakaziacha karakana za jirani zao, wakaja kwake.

Sasa tazameni jinsi ubaya unavyoingia katika nyumba ya watu wema. Haubishi hodi, na mara nyingi huja umevaa sura ya kumfurahisha mteja.

Kwenye kiti cha nyuma cha gari, pale makalio yanapokutana na mgongo, huchomoza vifungio vya mikanda, vile vipande vigumu ambavyo ulimi wa mkanda huchomekwa ndani yake ukalia "ka". Tangu waanze kazi, mke alikuwa akikata tundu kwa kila kifungio na kulizungushia pindo kwa mkono, ili kifungio kitokeze nje. Ni kazi ya kuumiza vidole. Siku moja mteja mmoja, bwana mnene asiyeishiwa maneno, alilalamika kwamba kava ni nzuri, lakini kuna kitu kinamchoma. Bila Mfupa aliona haya. Alivisukuma vile vifungio chini kabisa, akavuta ngozi juu yake, akaishonea. Yule bwana akakaa, akajinesanesa, akacheka kwa raha.

Gari lililofuata likafanywa vivyo hivyo. Mke aliuliza abiria wa nyuma atafunga mkanda wapi. Mume akamjibu kwamba hajawahi kuona abiria wa nyuma akifunga mkanda, na askari wa barabarani huchungulia mbele tu. Mke akakubali na, nisiseme uongo, vidole vyake vilishukuru. Tangu hapo matundu hayakukatwa tena. Kazi ikaenda mbio, na sifa zikazidi.

Miongoni mwa waliotengenezewa viti vya namna hiyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe. Huyu alikuwa dalali wa viwanja na nyumba za kupanga. Kwa vile simu haikumtoka mdomoni, watu walimwita Kasuku. Hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Mgonjwa wa mtaani akihitaji kupelekwa hospitali, gari la kwanza kuwaka lilikuwa lake. Lakini aliendesha kwa mkono mmoja, simu ameilaza pajani, kichwa kikiinama na kuinuka kama kuku anayedonoa mtama. Dada yake alimkanya mara nyingi. Yeye alimjibu kwamba mteja wa dalali hangoji, usipopokea wewe atapokea mwenzako.

Jumamosi moja uzi uliisha karakanani, na sponji nayo ikakaribia kuisha. Kasuku akajitolea kumpeleka dada yake kwenye duka la jumla. Wakati wa kurudi, robota la sponji lilijaza kiti chote cha mbele, kwa hiyo dada akakaa nyuma. Yaliyotokea humo garini tumeyajua kwa kinywa cha Kasuku mwenyewe. Aliyasimulia bila kuulizwa, kisha akayarudia, kisha akayarudia tena.

Dada aliuvuta mkanda kutoka begani, akapeleka mkono kutafuta kifungio. Akapapasa. Chini ya ngozi akagusa kitu kigumu, na juu yake akaugusa mshono alioushona mwenyewe. Akacheka, akasema, "Mume wangu amenifungia nje." Kasuku, bila kuelewa, naye akacheka, akamwambia safari ni fupi, wala hapo hapana askari.

Simu ikaita. Dada akamwomba aiache. Akapokea, akaeleza habari za nyumba ya vyumba viwili yenye maji ndani, akakata. Dada akamwambia, "Mdogo wangu, hiyo nyumba haitahama. Weka simu." Akamjibu kwamba barabara ile anaijua hata akifumba macho. Hapo ujumbe ukaingia. Akainama kuusoma.

Mbele yao lori la mchanga lilikuwa limesimama, linangoja kukata kona. Kasuku anasema alipoinua macho hakuona barabara tena, aliona nyuma ya lori imejaza kioo chote.

Bila Mfupa alifika hospitali mbio, kastabini ya kushonea ingali kidoleni. Mkewe alikuwa amekwisha kuingizwa chumba cha upasuaji. Kasuku alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu ukumbini, kifua kimefungwa bandeji, akipumua kwa shida. Pembeni yake alisimama dada mkubwa wa Kasuku na wa mke wa fundi, na maneno aliyokuwa akimmiminia siwezi kuyaandika yote. Alimwambia kwamba simu yake imemla dada yake, na kwamba mama yao huko kaburini amekosa usingizi. Kasuku alitazama dari. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni.

Daktari alitoka, mwanamke kijana mwenye sura ya uchovu. Akasema mama yu hai, ila hawezi kuahidi zaidi ya hapo. Nyonga imevunjika, na jicho la kushoto limeumia vibaya. Akamtazama Kasuku, akasema kwamba huyu atapona, ingawa mbavu zake zimevunjika kwa namna ya ajabu.

"Usukani huo," akasema dada mkubwa.

"Si usukani, mama. Mbele mkanda ulimshika. Hizi zimevunjwa kutoka nyuma, kiti kimesukumwa kikamkandamiza."

"Nyuma kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na dada yake," daktari akasema.

 Daktari akauliza kwa upole kwa nini mama hakufunga mkanda, maana kwa mgongano wa namna ile mkanda ungemzuia kurushwa. Kasuku akasema kule nyuma hakuna vifungio.

Ndugu msomaji, hebu simama hapa na mimi. Lawama ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe. Kasuku alikuwa ameibeba, na haki yake kuibeba. Aliyejua kwa hakika siri ya kava, mbali na Bila Mfupa, alikuwa amelala chini ya taa za upasuaji, na haikujulikana kama ataamka. Fundi yule angeweza kuinamisha kichwa tu, akahurumiwa kama mume aliyeponzwa na shemeji. Biashara yake ingebaki, na jina lake lingebaki.

Alisema, "Vipo, daktari. Vipo vyote. Nilivishonea chini ya kava kwa mkono wangu."

Dada mkubwa aliketi kwenye benchi. Hakumtukana. Baadaye Bila Mfupa aliniambia kwamba matusi yangekuwa nafuu.

Mkewe aliamka. Jicho halikuokolewa, na nyonga ilifungwa kwa vyuma. Alipopata nguvu ya kusema, kwanza alimwulizia mdogo wake. Alipoambiwa anaendelea vizuri, akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kuomba msamaha na kukwama katikati.

"Kila mshono niliushona mimi, mume wangu. Tuliyafanya wawili," akamkatiza. "Magari mangapi?"

"Sijui."

"Mengi?"

"Mengi."

Akafumba jicho lililobaki, akalifumbua. "Basi usikae hapa kunishika mkono. Nenda ukafumue."

Mume akauliza nani atakaa naye. Akamjibu kwamba mdogo wake yuko wodi ya pili, simu yake imevunjika, kwa hiyo ndiyo nafasi yake ya kwanza kuzungumza naye akasikilizwa.

Akaenda. Alizunguka kwenye maegesho, kwenye sehemu za kuosha magari, nje ya shule jioni wazazi wanapokuja kuchukua watoto. Alitambua kazi yake kwa mbali, kama mzazi anavyomtambua mwanawe kwa mwendo. Akifika alijieleza, akaomba ruhusa, akapasua kava kwa wembe mpaka vifungio vikatoka. Wengine walishukuru. Wengine walidhani amechanganyikiwa kwa ajili ya mkewe, wakamhurumia, wakaondoa gari. Yule bwana mnene aliyeanza kulalamika alimkatalia katakata, akasema hawezi kurudia kuchomwa.

"Heri kikuchome, kaka," Bila Mfupa akamwambia. "Mke wangu hakikumchoma, na jicho limekwenda."

Bwana yule akatoa funguo zake. Kisha akafungua mlango wa nyuma.

Leo mke yuko nyumbani. Anatembea kwa mkongojo, na cherehani ya kukanyaga hawezi tena. Anakaa kwenye kiti chenye mto, anazungushia pindo yale matundu kwa mkono, akikisogeza kitambaa karibu na jicho lake. Kasuku amerudi kwenye udalali. Simu yake sasa husafiri nyuma ya gari, ndani ya buti, imezimwa. Wateja aliowapoteza ni wachache kuliko alivyohofia. Wengi hupiga tena. Kila akikohoa hushika mbavu, na dada yake humwambia, "Pole, mdogo wangu, nilikuwa nakuja kukusalimu."

FUNZO

Ndugu zangu, sikuandika haya ili tumcheke fundi wala tumlaani dalali. Nimeyaandika kwa sababu wote wawili ni watu tunaowapenda, na watu tunaowapenda ndio wanaotuendesha.

Funzo la kwanza ni la simu. Macho yako yakishuka kusoma, gari halisimami kukungoja umalize. Linaendelea na safari bila dereva. Hakuna nyumba, kiwanja wala salamu isiyoweza kungoja mpaka uegeshe. Na wewe unayepiga, ukijua mwenzio yuko barabarani, kata simu. Usiwe mkono wa pili kwenye usukani wake.

Funzo lingine ni la mkanda. Tumezoea kuufunga kwa ajili ya askari, kama kwamba askari ndiye atakayerushwa. Aliyekaa nyuma bila mkanda hajiumizi peke yake; humwangukia aliye mbele yake, na aghalabu aliye mbele yake ni ndugu yake. Kabla hamjaondoka, peleka mkono kwenye kiti cha nyuma, upapase. Usipokiona kifungio, safari haijaanza.

Na kwa sisi tunaofanya kazi kwa mikono: kitu kikimuudhi mteja, uliza kwanza kimewekwa pale kwa kazi gani, ndipo uamue kukificha. Sifa ya ulaini haizidi uhai.

Katika yale anayoyakumbuka, limebaki gari moja ambalo Bila Mfupa hajalifikia. Ni la mkunga mmoja aliyehamishiwa mji mwingine, mwenye watoto wadogo wanaopanda nyuma. Namba yake ya simu haipatikani. Juzi mwenzake wa kazini alitoa anwani ya zahanati alikohamia, na jana fundi aliketi karakanani akaandika barua kwa mkono wake. Akaniletea niikague. Nilitia nukta mbili tatu, maneno sikuyagusa. Ameniruhusu niyaweke hapa.

"Mkunga, salamu. Mimi ni fundi niliyekushonea kava za kahawia. Tafadhali usipakie watoto kabla hujamaliza kusoma. Nyuma, chini ya ngozi, kuna vifungio vya mikanda yao. Nilivificha mimi, kwa kutaka sifa. Usinisubiri. Chukua wembe, papasa mpaka uguse kigumu, kata. Usiionee huruma kava. Nitakuja kukushonea nyingine, yenye matundu. Mke wangu alikalia kava kama hiyo. Yu hai, anakusalimu, na yeye ndiye atakayezungushia pindo."

Aliikunja, akaitia kwenye bahasha. Mkewe akanyoosha mkono, akaichukua, akapitisha kidole gumba juu ya gundi kutoka pembe hadi pembe, kisha akapitisha tena. Wakatembea pamoja hadi posta, kwa mwendo wa mkongojo. Fundi akaitumbukiza barua kwenye sanduku, akasikiliza mpaka ikagonga chini.