Nasaba Iliyotajwa Gatini

Kasoro ya kwanza ilikuwa kwenye picha ya Bulhar, bandari iliyokufa zamani. Mpiga picha aliiweka kamera juu ya meza yangu ya chai, akaisogeza hadi karibu na pua yangu, akauliza, "Shangazi, huyu unamjua?" Nikaona ufuo mtupu, magofu mawili, na mwanamume mwenye kikoi cheupe ametugeuzia mgongo, ameketi juu ya nguzo fupi ya chuma, zile za kufungia meli. Nikamwambia simjui. Akabonyeza, ikaja picha ya Zeila aliyoipiga siku nne kabla. Mtu yuleyule, nguzo ileile. Akabonyeza tena, ikaja gati yetu ya hapa Berbera, ya asubuhi hiyohiyo. Yuko vilevile.

"Labda kioo kina doa," nikasema.

"Doa lenye kikoi, Shangazi? Halafu nguzo hii hapa kwenu ipo, ile pale, ya tatu kutoka langoni. Bulhar hakuna gati. Nilipiga mchanga."

Nikamwambia anywe chai, jua limempanda kichwani. Wallahi ndivyo nilivyomwambia.

Haya nayaandika tu, kwa mdomo siyasemi, na majina ya kweli ya watu hawa sitayataja, asinisumbue mtu kuniuliza. Huyu mwiteni Macho Manne, kwa ajili ya miwani yake. Ndivyo tulivyomwita tangu siku ya kwanza, maana hapa kwetu ukija na pua kubwa wewe ni Pua, ukija unachechemea wewe ni Mguu, na ukinuna tunakuongezea. Mkewe mwiteni Ubah. Mimi ni Birika, nauza chai nje ya lango la bandari, huu mwaka wa ishirini na mbili.

Macho Manne alikuwa ametoka Hargeisa kupiga picha bandari zote za pwani yetu, kwa ajili ya kalenda ya mfanyabiashara mmoja. Lakini bandari hakuzungumzia sana. Alizungumzia mwanawe. Miaka tisa ya ndoa, mimba tatu zimeharibika, halafu Mungu akawapa mtoto wa kiume. Hakuna mpakiaji mizigo hata mmoja ambaye hakuonyeshwa picha ya yule mtoto kwenye simu. "Tumeshamwona, bwana!" walimfokea. "Mtoto wako ana masikio mawili kama wetu!" Alikuwa anacheka tu. Mama na mtoto walikuwa bado ndani, hawajatimiza arobaini, ubani unafukizwa asubuhi na jioni, na yeye aliahidi kuwa nyumbani siku ya kutoka. Zilibaki siku tisa.

Sasa, Berbera wakati wa kiangazi, saa saba mchana hakuna mtu anayetembea. Upepo wa moto unavuma, maduka yamefungwa, kondoo wenyewe wamelala wamerundikana kivulini. Macho Manne akaona huo ndio wakati wa kuipiga gati ikiwa tupu, bila wapakiaji kumsumbua wakitaka kupigwa picha. Mlinzi wa lango alikuwa anakoroma. Akaingia.

Yaliyotokea alinieleza mwenyewe saa kumi alasiri, ameketi kwenye benchi langu.

Alisema kwanza ilikuja harufu, ya manyoya ya kondoo yanayoungua. Akainua macho kutoka kwenye kamera. Yule mtu alikuwa ameketi kwenye nguzo ya tatu, safari hii anamtazama. Miguu yake ilikuwa inachuruzika maji juu ya saruji ambayo ungeweza kukaangia yai. Macho Manne akamtolea salamu. Mtu akajibu vizuri, kwa Kisomali cha wazee wa zamani, kisha akauliza, "Wewe ni nani?"

Kwetu swali hilo halijibiwi kwa jina moja. Unataja jina lako, la baba yako, la babu yako, na kuendelea juu mpaka mwenzako akudake mahali, aseme, aa, hapo tumekutana. Mtoto wa miaka saba anajua kumi na tano bila kuvuta pumzi. Na mwanamume aliyepata mtoto wake wa kwanza baada ya miaka tisa haanzii kwake mwenyewe. Macho Manne alianzia kwa mwanawe. Akalitamka jina la mtoto kwanza, kwa fahari zake zote, kisha lake, kisha la baba yake, akapanda mpaka wa kumi na nne. Simlaumu. Kaka yangu mimi alifanya hivyohivyo sokoni, kwa muuza viatu.

"Vizuri," mtu akasema. "Sasa mimi."

Akaanza kutaja wa kwake, na majina yake hayakuwa majina, la kwanza lilikuwa mlio wa maji yanayofyonzwa chini ya gati, la pili mkoromo wa mnyama aliyechinjwa ambaye bado hajakata roho, na kila moja lilikuwa zito kuliko lililotangulia, na Macho Manne alitaka kukimbia lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi, alitaka kusoma Ayatul Kursi lakini ulimi ulikuwa unahesabu, ulikuwa unahesabu wenyewe, wa nane, wa tisa, wa kumi, mpaka kwenye la kumi na moja sauti ikawa ya binadamu tena na likatoka jina la babu yake yeye, babu wa kumi na moja, na kutoka hapo wakayataja pamoja, midomo miwili kwa sauti moja, mpaka mwisho.

"Tumekutana kwa babu wa kumi na moja," mtu akasema. "Sisi ni watoto wa ami. Mtoto anatoka nje lini?"

Na ulimi wa Macho Manne ukajibu, "Siku ya arobaini."

"Nitakuja kumpakata."

Jioni ileile alipanda gari la kwenda Hargeisa. Hakufika mbali. Kwenye kizuizi cha kwanza cha polisi simu ikalia, Ubah analia: mtoto ameacha kunyonya ghafla, amekakamaa, na chumba kizima kinanuka manyoya ya kuungua. "Nani amechoma kondoo humu ndani?" alikuwa anauliza. "Mama anasema hajachoma kitu!" Macho Manne akashuka kwenye gari, akarudi kwa miguu, na kabla hajauona mji simu ikalia tena. Mtoto amenyonya. Amelala.

Alijaribu tena kesho yake, kwa gari jingine. Kizuizi kilekile, simu ileile. Safari hii mtoto alikuwa amegeuka rangi.

Basi akajua. Akirudi huku, kile kitu kinabaki naye huku. Akienda nyumbani, nacho kinakwenda, na kinatembea haraka kuliko gari. Jamaa wa karibu anakwenda kumwona mtoto, nani atamzuia? Akakaa. Kila saa saba mchana ilimbidi aingie gatini, aketi na ndugu yake. Mimi nilipeleka chai vikombe viwili, kwa sababu aliniomba kwa machozi. Pale mbele ya nguzo sikuona mtu. Lakini nilikitua kikombe cha pili chini mchana, na nilipokwenda kukichukua alasiri chai ilikuwa bado inatokota. Niliosha kikombe mara saba kwa udongo, kama kilicholambwa na mbwa.

"Shangazi," aliniambia siku moja kwa sauti ya chini, "anataka nimpige picha. Kila siku. Nyumbani kwenu mtaitundika wapi, ananiuliza. Chumba cha mtoto kiko upande gani?"

"Usimjibu!"

"Ulimi hauniulizi mimi."

Nikampeleka kwa Sheikh Kengeza. Makengeza yake makali, hujui anakutazama wewe au mlango, na watu husema ndiyo maana majini humwogopa. Akamsomea siku tatu. Bakuli la maji likachemka lenyewe, sauti ya Sheikh ikakauka, na kutoka kinywani mwa Macho Manne ikatoka sauti nyingine, tulivu kabisa, ikasema, "Mimi si mgeni. Ni ndugu. Mnanifukuza kwa haki ipi?"

Sheikh akafunga msahafu. Akachukua ubao wa chuo, ule wa mbao wanaoandikia watoto, akachovya kalamu kwenye wino, akaandika badala ya kusema. Kusikia kinasikia. Kusoma, tulitumaini hakijui. Nikasoma juu ya bega lake: *Amempata mtoto kupitia kwako. Umkane mtoto. Mbele ya mama yake na mbele ya watu. Usieleze, usikonyeze, wala usije ukaeleza siku yoyote. Akijua ni hila, atamchukua.*

Macho Manne akanyakua kalamu. *Nitakuwa nimemwita mke wangu mzinzi.*

*Najua.*

*Mtoto atakuwa hana ukoo.*

*Atakuwa hai.*

Macho Manne akaandika, *Siwezi*, na Sheikh akauosha kwa maji, wino wote ukaenda. Nilipotoka pale nilikuwa na hasira na Mungu, astaghfirullah.

Zilibaki siku nne. Akawa anampigia Ubah na kumdanganya kwamba kazi haijaisha, kwamba mwanga haujawa mzuri. Mwanga! Mwanamke gani atakubali? Na watu wa Hargeisa midomo yao mnaijua: kuna waliomwambia mumewe yuko Berbera anatafuna miraa mchana kutwa, na kuna muuza chai anamhudumia. Muuza chai ndiye mimi, na umri wangu huu. Ningecheka kama ningeweza.

Siku ya arobaini kulikuwa na meli inapakia kondoo wa Hija, kwa hiyo hata saa saba mchana gati ilikuwa imejaa watu, vumbi, kelele za "haya, haya, sukuma!" Macho Manne alikuwa ameketi mahali pake karibu na nguzo ya tatu. Nilimwona ametulia kidogo. Alidhani siku ikipita naye yuko huku, imepita.

Gari dogo likasimama langoni. Akashuka kaka yake Ubah, halafu Ubah mwenyewe, mwenye hina mpya mikononi, na mtoto amefungwa nguo nyeupe. Siku yake ya kwanza kutoka nje, na ametoka kumletea mume wake mtoto. Nilisimama, birika likaniponyoka.

"Shangazi, salaam," akaniambia, anatabasamu kwa hasira. "Yuko wapi huyo bwana? Kama yeye haji, tumekuja sisi."

Nilitaka kumwambia arudi garini. Akanipita.

Harufu ile ilikuja mpaka kwenye meza yangu. Kondoo waliokuwa wanapanda ngazi ya meli wakagoma wote kwa pamoja, wapakiaji wakageuka kutazama kuna nini, na hapo mimi kwa macho yangu haya, mchana kweupe, nikaona pale chini ya nguzo ya tatu alama ya unyayo wa maji ikitokea juu ya saruji kavu, unyayo mmoja, kisha wa pili mbele yake, wa kwanza ukikauka kwa jua na wa tatu ukitokea, bila haraka, ukimfuata Ubah, na Ubah haoni, Ubah anamtazama mumewe tu na kumnyooshea mtoto kwa mikono miwili, na mumewe haangalii mtoto, anaangalia zile nyayo, wa tano, wa sita, mpaka zikasimama ubavuni kwa mkewe na nguo nyeupe ya mtoto ikaanza kuvutwa pembeni, taratibu, kama mtu anavyomfunua mtoto ili amwone uso.

"Mshike mwanao," Ubah akasema.

"Si mwanangu."

Aliisema kwa nguvu. Wapakiaji wote waliisikia.

Ubah akacheka, maana alidhani ni mzaha. "Unasemaje wewe?"

"Mtoto huyu simjui. Mpeleke kwa baba yake."

Kaka yake Ubah akamtandika kofi, miwani ikaruka. Macho Manne hakuinua mkono. Damu ilikuwa inamtoka puani na alikuwa amesimama wima anatazama mbele.

"Jina lake," Ubah akasema. Sasa alikuwa analia. "Ulimpa jina wewe mwenyewe, ulilia ukimpa. Litaje mbele ya watu hawa halafu useme si wako. Haya, taja!"

"Silijui."

"Hata jina lake?"

"Hata jina lake."

Nguo ya mtoto ikaachiliwa. Niliiona ikianguka. Kondoo wakaanza kupanda tena wenyewe, na upepo wa moto ukapita gatini bila harufu yoyote ila ya bahari na mavi ya kondoo. Ubah alikuwa ameshageuka. Alimtemea mate mumewe viatuni, akamfunika mwanawe, akatembea mpaka kwenye gari, na hakutazama nyuma.

Miaka sita imepita. Talaka ilitolewa, mtoto analelewa kwa wajomba zake na amefundishwa nasaba ya wajomba. Anaishi. Wenzake shuleni, nasikia, wanamtania, na yeye anapigana. Macho Manne alikuwa huru kwenda popote alipotaka siku ileile, hakwenda popote. Anapiga picha za pasipoti hapo nyuma ya lango. Watu wa Hargeisa wakipita wanatema mate.

Lakini siku ile, gari lilipoondoka na wapakiaji wakarudi kazini wakimtukana, alikuja kwenye benchi langu akaketi. Nilimpa kitambaa afute damu. Akakaa nacho mkononi, hakujifuta, akaniinamia akaninong'oneza sikioni:

"Shangazi, amenenepa?"

Hakuwa amemtazama hata mara moja. Mimi nilimtazama wakati nguo inavutwa. Nikageuka kuangalia gatini, nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, sikuona kitu, na kutoona kwangu mimi hakumaanishi lolote.

"Nani?" nikamwuliza, kwa sauti kubwa.

Akaelewa. Akainamisha kichwa, akasema, "Hakuna. Nipe chai."

Alikuwa amenenepa, wallahi. Mashavu yamejaa.