Asante ya Everardo

"Umeomba kurudishwa Monterrey? Ijumaa hii hii?"

Zunilda alisimama katikati ya ofisi, mkononi chupa ya maji ya barafu ya tereré, kinywaji baridi cha majani ambacho ofisi nzima hunywa kwa zamu, kikombe kimoja na mrija mmoja. Kampuni ya maduka ya Wameksiko ilipofungua ofisi ya teknolojia hapa Asunción, Paraguay, iliajiri vijana kama yeye waunde programu ya mauzo, ikamleta Everardo kutoka makao makuu Monterrey awaelekeze. Kazi ilielekezeka. Moyo wa Zunilda ndio ulipotelea kwa Everardo.

"Nimeomba. Pasipo na anayenitaka sikai."

"Nani hakutaki?"

"Wewe! Asubuhi unanipa tereré mara moja tu, kisha kikombe kinaniruka kama nina upele. Derlis anakunywa mpaka tumbo linalia, na joto lote hili!"

Derlis, jirani yao wa meza, akajifanya kukodolea macho kompyuta.

Zunilda akapandwa na hasira.

"Una uso mkavu wewe! Naponda mnanaa kwa mkono wangu, nakupa kabla ya wote. Unavuta mara moja, unanirudishia na 'asante'. Ulitaka nikushike pua nikunyweshe?"

"Sasa kosa langu nini? Mama kanilea na adabu!"

"Hapa mtu anashukuru akitosheka! Ukisema asante, umeaga!"

Everardo akamgeukia jirani yake.

"Derlis, ulijua?"

"Nilijua, kaka. Ila zamu yako nilikuwa nainywa mimi."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Zunilda hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Nililia nyumbani, Everardo. Nilidhani mkono wangu unakutia kinyaa."

"Na mimi nilidhani unamtaka Derlis."

"Derlis? Baba wa watoto watatu, na anakoroma kazini?"

"Jamani, nipo hapa," Derlis akalalamika.

Everardo akatoa simu, akaiandikia Monterrey huku akisoma kwa sauti, akatuma:

"Naomba kufuta uhamisho wangu. Sababu ni za kifamilia."

"Muongo! Familia gani, nawe huna hata shangazi Paraguay?"

"Ndiyo hiyo nakuomba unipe, Zuni. Nakupenda. Nioe mimi."

"Mwanamume anaomba kuolewa!" Derlis akadakia.

Hapo hapo jibu la Monterrey likaingia:

"Uhamisho umefutwa. Hongera! Mke anaitwa nani, tumwingize kwenye bima?"

Everardo akajikuna kichwa. Zunilda akampokonya simu, akaandika jina lake lote mpaka la ukoo, akatuma.